Mpunga Umesimama

Asubuhi napiga pasipoti pale Igurusi:
shati jeupe la kuazima, kitambaa cha buluu,
"inua kidevu, usicheke," dakika tano tayari.
Lakini ikifika saa nane mchana, Aprili,
wingu hujijenga juu ya ukingo wa Chimala,
linafura kama povu la ulanzi, jeupe,
kisha linaiva rangi ya zambarau iliyopondwa,
nami nafunga duka. Mteja anaguna.
Rudi kesho, namwambia, uso wako utakuwepo.
Lile haliningoji.

Ambakisye keshawasha pikipiki.
Haulizi wapi. Ananusa tu,
anakata kushoto baada ya mashine ya kukoboa,
tunaacha lami, tunaacha bati la mwisho,
na mbuga ya Usangu inafunguka
hadi macho yanakosa pa kushika.
Kamera niliinunua Mwanjelwa, mkono wa tatu.
Husafiri ndani ya mfuko wa mbolea,
imekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Mke wangu huiita mke mwenza.

Usisimame chini ya mti.
Usisimame ukawa wewe ndiye mti.
Upepo ukigeuka baridi, ukanuka chuma,
umebakiwa na muda wa kumeza mate.
Na ng'ombe wa Wasukuma wakielekeza matako upande mmoja,
waamini wao kuliko redio.

Radi hupiga. Picha nayo hupigwa.
Kitenzi ni kimoja, na miaka sita nagombania zamu:
nafungua kamera gizani, nahesabu moja, mbili, tatu,
na kila mara imetangulia kupiga,
mimi naokota kilichobaki.

Ile ya tarehe kumi na saba, sijui niseme nini.
Wingu lilikuwa na kiuno.
Lilizunguka polepole, kama mtu anayetafuta alichodondosha.
Ambakisye akasema, "Twende."
Kisha, "Twende, bwana."
Kisha akalitaja jina la mama yake.
Nikafungua.
Ikashuka na matawi yake yote, ikakanyaga ng'ambo ya mfereji,
na nchi ikawa mchana usio na jua.
Halafu mawe.
Tulilala ndani ya kalavati kama magunia mawili,
kamera tumboni mwangu, nimeikumbatia kama mimba.

Siku ya pili nikaikuza.
Pembeni, chini kabisa: dungu.
Juu ya dungu, mtu,
manati mkononi, anatazama huku kwangu.

Nikamtafuta. Anaitwa Tumwitike,
amekodi nusu eka nyuma ya Mahongole,
jioni ile alikuwa akiamia kweleakwelea.
"Nilikuona," akasema.
"Nikadhani ni mti. Kisha mti ukachuchumaa."
Sikucheka. Naye hakucheka.
Nyuma yake shamba lilikuwa limelala kifudifudi,
masuke matopeni,
bata wa mtu wakila bila kufukuzwa.

Nilimletea ile radi, saizi kubwa, karatasi ya kung'aa.
Hakuitazama radi.
Kidole chake kilipita chini yake,
kikafuata tuta, kikapinda penye mfereji,
jaruba la kwanza, la pili,
kikarudi kwa la kwanza, kikaenda hadi la saba.
"Hapa umesimama."

Kweli. Kila suke wima, jeupe kwa mwanga ule,
mpunga wa kubakiza wiki mbili,
pumzi moja kabla ya mawe.
Nilikuwa nimeikodolea picha ile siku nne
na sikuwa nimeuona.

Akauliza bei. Nikataja ya pasipoti.
Akalipa nusu. Nusu, akasema, mavuno yajayo,
akaiingiza ndani ya kanga, upande uliokuwa mkavu.

Njiani Ambakisye aliitazama Chimala
bila kunionyesha kwa kidole.
Kulikuwa kumeanza kufura.
Dukani nikamkuta yule mteja wa juzi,
shati jeupe, vifungo hadi shingoni,
kidevu amekwisha kukiinua.